Uzoefu wangu na Dark Matters ya The Stranglers: bendi imezika mpiga kinanda, muziki unaendelea

Nimekaa na albamu hii muda wa kutosha kuisemea. Niko Kigoma mjini, Mwanga, napiga kinanda kwenye bendi ya harusi na kumbi, na niliitafuta Dark Matters baada ya sisi wenyewe kumpoteza mpiga besi wetu. Sikuisikiliza kama mtu anayetafuta burudani ya Jumapili. Nilitaka kujua wenzetu wakifiwa wanafanyaje wakirudi kwenye vyombo. Kwa mwenye haraka: inunue, au ipakue kihalali. Ina nyimbo kumi na moja na bando lako halitapotea bure. Kwa mtu yeyote anayepiga muziki jukwaani naipa nyota tano, kwa msikilizaji wa kawaida ambaye hajazoea magita yanayokwaruza naipa nne.

Kwa wasiowajua, The Stranglers walianzia Guildford, Uingereza, mwaka 1974. Mpiga dramu wao wa kwanza, Jet Black, alikuwa mfanyabiashara wa aiskrimu, na gari la aiskrimu ndilo lililokuwa linabeba bendi na vyombo kwenda kwenye shoo. Dave Greenfield alijiunga na kinanda chake mwaka 1975. Muziki wa panki ulipolipuka London mwaka 1976 na 1977 nao wakahesabiwa humo, ingawa Jet Black alikuwa anakaribia miaka arobaini na wenzao wengi walikuwa vijana wadogo. Panki ya kawaida ni gita, besi, dramu na mtu anayepaza sauti, dakika mbili tatu wimbo umekwisha. Kinanda hakikuwa na nafasi humo. Hawa wakakiweka mbele. Besi ya Jean-Jacques Burnel inakoroma chini, kinanda cha Dave kinakimbia juu yake, na ukisikia hivyo viwili pamoja huhitaji kuambiwa ni bendi gani.

Wengi wenu mnaijua Golden Brown hata kama jina la bendi hamlijui. Ilifika namba 2 Uingereza mwaka 1982, na sehemu kubwa ya muziki wake ilitoka kwa Dave. Jaribuni kuhesabu ule mwanzo: tatu, tatu, tatu, halafu nne. Hilo pigo moja la ziada ndilo linalomkwamisha mchezaji. Tulipoijaribu mazoezini mpiga dramu wetu alikuwa anaingia mapema kila mara, mpaka nikaanza kumhesabia kwa sauti. Dave aliificha ile nne kwa ulaini mno hata mtu anaimba wimbo mzima bila kujua miguu yake imepotea wapi.

Huyo ndiye waliyempoteza. Alikuwa hospitali kwa matatizo ya moyo, akaambukizwa Korona, akafariki tarehe 3 Mei 2020 akiwa na miaka 71. Bendi nyingine ikimpoteza mpiga kinanda hubadilisha mtu na msikilizaji asitambue. Hapa aliyeondoka alikuwa nusu ya sauti ya bendi kwa miaka 45.

Sasa albamu yenyewe. Walikuwa hawajatoa albamu mpya tangu 2012, lakini kazi ya hii ilikuwa imeshaanza Dave akiwa hai, kwa hiyo kinanda chake kimo kwenye nyimbo nane. Tatu zilizobaki wamezimaliza bila yeye, katika kipindi cha zuio la Korona, watu hawawezi hata kukutana chumba kimoja. Ilitoka tarehe 10 Septemba 2021 na kufika namba 4 Uingereza, nafasi ileile iliyoshikwa na albamu yao ya kwanza mwaka 1977. Mimi namba hazinibabaishi sana, ila hii imenifurahisha, kwa sababu watu wangeweza kununua kwa huruma wiki moja na kusahau. Mimi bado naisikiliza.

Water inaifungua albamu kwa nguvu na ndiyo ninayoiweka nikitaka kumwonyesha mtu bendi hii ilikuwa na maana gani. White Stallion ina kinanda kingi, na mpiga kinanda yeyote atarudia kuisikiliza kwa ajili ya kujifunza. The Lines ni fupi, ya taratibu, ni mtu mzima anayeitazama mikunjo ya uso wake. No Man's Land na Payday naziruka mara nyingine, sio mbaya, zinapita tu.

Wimbo ulionifanya niandike haya ni And If You Should See Dave. Waliutoa peke yake kabla ya albamu, tarehe 3 Mei 2021, mwaka umetimia kamili tangu msiba, kama ambavyo kwetu Ujiji mwaka ukitimia familia husoma hitma. Anaimba Burnel mwenyewe, mpiga besi, mtu aliyesimama jukwaa moja na Dave kwa miaka yote ile. Haimbi kwa kulia. Anaongea na rafiki yake. Ikafika sehemu ya solo, pale ambapo kwa kawaida kinanda kingeingia na kutamba, anamwambia wazi kwamba hapa ndipo solo yake ingekaa.

Mara ya kwanza niliposikia hapo nilizima nikatoka nje. Anayepiga muziki atanielewa. Sisi tunaishi kwa kuhesabu: mapigo mangapi ubeti, mangapi kiitikio, wapi besi inajibu, wapi gita linapumzika. Mtu akifa, nafasi zake haziondoki kwenye wimbo. Zinakuja palepale, kwa wakati uleule, kila mnapopiga. Mpiga besi wetu alikuwa na mtelezo wake kabla ya kuingia sebene, noti nne hivi za kushuka, na harusi ya kwanza baada ya kumzika sote tulizisubiri. Hazikuja. Bibi harusi alikuwa anacheza, watu wanatunza, na sisi wanne tumeangalia sakafu.

Kwetu bendi zinazofiwa sio jambo geni. Msondo Ngoma, iliyozaliwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ilimpoteza TX Moshi William mwaka 2006, na mwaka 2014 akaondoka Muhidin Gurumo, na bado jina la Msondo halikufutika. Mazoea yetu ni wimbo wa maombolezo: jina la marehemu, sifa zake, familia aliyoiacha, pole kwa wapenzi wa muziki. Naziheshimu nyimbo hizo na nimepiga nyingi. Ila zinamweleza marehemu kwa watu. Wimbo huu wa The Stranglers unaonyesha mahali alipokuwa anakaa ndani ya muziki, na mimi hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Mjadala wetu mazoezini ulikuwa juu ya hilohilo. Vijana walitaka tuchukue mtu kutoka ng'ambo, Kalemie, maana wapiga besi wa Kikongo wapo na wanajua kazi. Mmoja akapendekeza tumpe rekodi za marehemu akazikariri noti kwa noti. Niliwasikilizisha wimbo huu kwenye spika kubwa, nikawaeleza maneno. Mzee wetu wa gita la solo alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, mtu tutafute. Lakini asiambiwe apige kama marehemu. Aambiwe apige." Tukakubaliana. Ule mtelezo wa noti nne tumeuacha wazi. Dramu inahesabu peke yake, halafu tunaingia.

The Stranglers nao walichukua mtu, Toby Hounsham, wakaenda naye kwenye ziara ya Uingereza mwaka 2022 iliyokuwa imeahirishwa kwa Korona. Ana kazi ngumu, kwa sababu nyimbo za zamani zinadai vidole vya Dave na mashabiki wanazijua zote. Nimeangalia video za shoo hizo. Anazipiga sawasawa, kwa adabu, hajifanyi Dave. Baadaye, Desemba 2022, Jet Black naye akafariki akiwa na miaka 84. Alikuwa ameshaacha kupiga jukwaani miaka kadhaa nyuma, na Jim Macaulay ndiye anayepiga dramu kwenye albamu hii. Kati ya wale wanne wa miaka ya panki, aliyebaki ndani ya bendi ni Burnel peke yake, na hapo ndipo lawama zinapoanzia: kuna wanaosema jina lingezikwa pamoja na wenyewe. Sikubaliani nao. Baz Warne, mpiga gita na mwimbaji wao, yuko kwenye bendi hiyo tangu mwaka 2000, sio mgeni wa kupita. Bendi ni ya wanaoipiga, na waliokufa waliijenga ili ipigwe.

Lalamiko langu ni moja. Kwenye nyimbo mbili tatu sauti ya kuimba imewekwa mbele mno, kinanda kinabaki nyuma, wakati hii ndiyo albamu ya mwisho tutakayomsikia Dave akipiga. Mimi ningekivuta kinanda juu hata kama mwimbaji angenuna.

Msisikilize kwa spika ya simu. Besi ya Burnel inapotea yote na mtadhani ni bendi ya gita tu. Tumieni hedifoni zenye besi, au sabufa ya nyumbani, na muipakue usiku mtandao ukiwa mwepesi. Anayetaka kujaribu wimbo mmoja kabla ya kulipia aanze na Water, kisha And If You Should See Dave. Ambaye hajawahi kumsikia Dave kabisa apitie kwanza Golden Brown, ahesabu ile nne.