Lichess na Mchezo wa Capablanca wa 1924: Tathmini ya Mwalimu wa Sataranji wa Kisumu

Kusoma mchezo mzima wa grandimasta, yaani mchezaji mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, tangu hatua ya kwanza hadi mmoja wa wachezaji anapokubali kushindwa, ni kazi ambayo vijana wengi wa sataranji hapa Kisumu huianza na kuiachia njiani. Vitabu vizuri vya mchezo huu si rahisi kuvipata madukani mwetu, na makocha wenye uwezo ni wachache, kwa hiyo kijana wa Kondele au Nyalenda aliyekwisha kuzijua kanuni hubaki akicheza michezo ya dakika tatu kwenye simu, moja baada ya nyingine, bila kujifunza kwa nini anashinda au anashindwa. Nimeitumia Lichess, tovuti na programu ya simu ya kucheza na kujifunza sataranji, kwa muda mrefu pamoja na kundi la wanafunzi wa sekondari, na katika tathmini hii ninaipima kwa kazi hiyo moja tu: je, inamsaidia mwanafunzi kuuelewa mchezo wa bingwa kutoka ufunguzi hadi mwisho?

Huduma hii ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na leo inaendeshwa na shirika lisilo la faida lililosajiliwa Ufaransa. Haina matangazo, haina sehemu iliyofungwa mpaka mtu alipe, na inategemea michango ya watumiaji wake. Kwa familia ya hapa kwetu jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu gharama inayobaki ni ya bando la intaneti peke yake, na mtoto asiye na pesa hupata zana zile zile anazozipata mtoto wa tajiri.

Mchezo niliouchagua kuipimia ni ule wa José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia kutoka Kuba, dhidi ya Savielly Tartakower, uliochezwa New York mwaka 1924. Katika mashindano hayo Capablanca alimaliza wa pili nyuma ya Emanuel Lasker, na ndiko alikoshindwa na Richard Réti baada ya miaka minane bila kupoteza mchezo hata mmoja. FIDE, shirikisho la sataranji duniani, lilipotoa rasmi cheo cha grandimasta kwa mara ya kwanza mwaka 1950, Tartakower alikuwa miongoni mwa wachezaji 27 waliokipokea. Capablanca alikuwa amefariki mwaka 1942, lakini sidhani kuna mchezaji atakayebisha kwamba alistahili. Nimeuchagua kwa sababu una hatua 52 tu, mawazo yake ni wazi, na uzuri wake umejificha mwishoni, mahali ambapo wanafunzi wengi huwa wamekwisha kuchoka.

Nianze na ufunguzi. Tartakower, aliyekuwa na kete nyeusi, alicheza Ulinzi wa Kiholanzi, akimsogeza askari wake hadi f5 mapema ili atawale mraba wa e4 (kila mraba hutajwa kwa herufi ya safu yake ya wima, a hadi h, na namba ya mstari wake wa mlalo, 1 hadi 8), na katika hatua ya tisa akampandisha farasi kwenye mraba huo huo. Baada ya kubadilishana kete, Capablanca alibaki na askari wawili wa safu moja, c3 na c4, udhaifu ambao Tartakower alijaribu kuutumia kwa kumpeleka farasi wake a5. Lichess ina kichunguzi cha ufunguzi kinachoonyesha, kwa kila hatua, wachezaji wakubwa walijibu nini na matokeo yalikuwa yapi. Hapa ni lazima mtumiaji ajue jambo moja: hifadhi ya michezo ya mabingwa iliyomo inaanzia mwaka 1952, kwa hiyo mchezo wenyewe wa Capablanca haumo, na inabidi hatua zake ziingizwe kwa mkono au zibandikwe kama maandishi. Silioni hilo kuwa hasara. Mwanafunzi anayeziingiza hatua 52 kwa kidole chake, moja moja, huwa amekwisha kuutazama mchezo kwa makini kuliko yule aliyeubofya ukafunguka wenyewe. Kichunguzi bado kinafaa kwa kuonyesha jinsi wachezaji wa baadaye walivyoutendea ufunguzi kama huu, ingawa takwimu zake zinaweza kumdanganya mgeni, kwani asilimia ya ushindi haielezi kama mchezo uliamuliwa na ufunguzi au na kosa la hatua ya arobaini.

Mchezo wa kati nitaupita haraka. Capablanca aliifungua safu ya e, akamjenga vizuri mfalme wake nyuma ya askari wa g3, kisha akaanza kumsukuma askari wa h. Kufikia hatua ya 26 malkia wote wawili walikuwa wametoka ubaoni pamoja na ngome mbili. Kwa sehemu hii injini ya Stockfish, programu ya kompyuta ya kukokotoa hatua bora iliyomo ndani ya Lichess, inatosha kabisa: inakagua kama kuna kete iliyoachwa bila ulinzi na inakuonya ukipendekeza hatua mbovu.

Utajiri wa mchezo unaanzia hatua ya 34, Capablanca alipomtoa askofu wake ili amwondoe farasi wa Tartakower. Kila mmoja alibaki na ngome moja na askari watano. Ngome ya Capablanca ilikuwa h7, imemfungia mfalme mweusi kwenye mstari wa mwisho, na askari wake wa g5 hakuwa na askari adui wa kumzuia mbele yake. Lakini ngome nyeusi ilikuwa imemlenga askari wa c3, na kumpoteza kungekuwa kumpoteza kwa cheki, yaani kwa hatua inayomshambulia mfalme moja kwa moja. Mchezaji wa kawaida angeirudisha ngome yake nyuma ili ajihami, na papo hapo mfalme mweusi angefunguliwa. Capablanca alimsogeza mfalme wake g3. Alimwachia adui askari wa c3, akaendelea hadi h4, akamsukuma askari wake g6, akamwachia adui na askari wa f4, naye mfalme akaingia g5. Alikuwa nyuma kwa askari wawili, na alikuwa anashinda.

Kisha ikaja hatua ya 39, ambayo kwangu ndiyo kiini cha somo lote. Mfalme mweupe aliweza kumla askari wa f5, lakini alimpita akasimama f6, akitishia ngome iende h8 na mchezo uishe hapo hapo. Askari mweusi wa f5 aliachwa hai kwa sababu alikuwa ukuta wa mfalme mweupe: ngome nyeusi isingeweza kumpa cheki kwenye safu ya f, kwa kuwa njia ilizibwa na askari wake mwenyewe. Hatari ilipopita, Capablanca alirudi kuokota askari wa c7, f5, a7 na d5 mmoja baada ya mwingine.

Stockfish inaona nini hapo? Ukiiwasha katika hatua ya 35, inaikubali safari ya mfalme na inatoa namba inayoonyesha kwamba Nyeupe iko juu, lakini namba hiyo haimwambii mtoto kwamba mfalme ni kete ya kushambulia malkia wanapokuwa wametoka, wala kwamba ngome iliyotulia mahali pake ina thamani kuliko askari wawili. Hili ndilo pengo la zana yote, na linazibwa kwa namna ya kuitumia. Ninawataka wanafunzi waizime injini, waandike kwa sentensi zao wanachodhani kuwa mpango wa Nyeupe, halafu waiwashe na kubishana nayo: wamrudishe mfalme f2, wairudishe ngome nyuma, wamle askari wa f5 katika hatua ya 39, na wafuatilie majibu ya injini hatua kwa hatua. Kila tawi wanalolifungua linahifadhiwa pembeni ya mchezo mkuu, na katika matawi hayo ndimo maelezo yanamopatikana. Atakayeufungua mchezo huu na kukimbilia kwenye mchoro wa tathmini na alama za makosa atatoka na hesabu ya makosa ya Tartakower na hatakuwa amejifunza lolote kuhusu Capablanca.

Ipo pia hazina ya michezo ya mwisho, ambayo inajua kwa uhakika kamili matokeo ya kila hali yenye kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa. Baada ya hatua ya 34 kulikuwa na kete 14 ubaoni, maradufu ya uwezo wake. Nilipozihesabu pamoja na wanafunzi tuligundua kwamba idadi inashuka hadi saba pale tu Tartakower anapomla askari wa a4 katika hatua ya 51. Capablanca anamsukuma askari wake d6, na Tartakower anakubali kushindwa. Uamuzi mzito wote ulifanywa kabla ya hazina hiyo kuwa na la kusema. Kwa mazoezi ya ngome na askari mmoja ni mwalimu asiyekosea, lakini kwa mchezo kama huu inafika wakati kazi imekwisha.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kuandalia masomo. Mwalimu anaweza kuugawa mchezo katika sura, akaandika maelezo kwa Kiswahili chini ya kila hatua, akachora mishale ubaoni, na akazificha hatua zinazofuata ili mwanafunzi azitafute mwenyewe. Wanafunzi kadhaa wanaweza kuliingia somo moja kwa wakati mmoja wakiwa nyumbani kwao, na kila mmoja akaona ubao ule ule.

Kuhusu simu, Stockfish inayofanya kazi ndani ya simu yako huipasha joto na kula betri haraka, jambo la kuzingatia jioni ambayo stima imepotea. Ni afadhali kuomba uchambuzi kamili wa mchezo, ambao hufanywa na kompyuta za watu wanaojitolea na kurudishwa ukiwa tayari. Programu ya simu inaruhusu pia kuchambua bila intaneti, ingawa kichunguzi cha ufunguzi na hazina ya michezo ya mwisho vinahitaji mtandao. Kwa klabu ya shule yenye simu moja, ninapendekeza mwalimu aandae somo mapema, hatua zikiwa zimefichwa kuanzia ya 35, na ubao wa kawaida wa mbao uwekwe katikati ya meza ili wanafunzi wakubaliane hatua hapo kabla ya yeyote kuigusa simu.