Kisanduku cha fundi kinachoipigisha sinthesaiza amadinda: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Kilinigharimu shilingi 280,000, vipuri na ufundi pamoja, kwa kijana anayetengeneza redio na inveta hapa Kampala. Cha kiwandani kingenitoka mara kadhaa ya pesa hizo, na hapo sijalipa usafirishaji wala ushuru.

Kazi yake ni kupeleka volti kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye sinthesaiza ya moduli, yaani ala ya kielektroniki ya vipande vinavyounganishwa kwa kebo. Kwenye mashine hizi volti moja ikiongezeka, sauti inapanda oktava moja. Kadi ya sauti ya kawaida haifai, kwa sababu nyingi zina kapasita kwenye njia ya kutolea zinazozuia volti iliyotulia; ukishikilia noti, inateleza hadi sifuri. Fundi alichukua bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4, ambayo kompyuta inaitambua kama kifaa cha MIDI (lugha ya noti ya ala za kielektroniki), akaiunganisha na MCP4822, chipu yenye njia mbili za ngazi 4,096 kila moja. Chipu hiyo inaishia volti 4 na kidogo, basi TL072, chipu ya kukuza volti, inazizidisha mara mbili. Unapata takriban oktava nane, kila ngazi milivolti 2. Geti, yaani volti za kuanzisha na kukata noti, zinatoka kwenye pini za bodi kwa volti 5, na moduli zangu zote zinaitika.

Lakini kilichonifunga nacho ni amadinda, zailofoni ya mbao ya Waganda. Oktava ya mbao zile ina noti tano ambazo nafasi zake zinakaribia kulingana, na kibodi ya nusu toni kumi na mbili haiwezi kuzifikia. Gawa volti moja kwa tano: milivolti 200 kamili. Kwa kuwa programu ya ndani iko wazi, tuliandika jedwali letu la noti. Njia ya kwanza inapiga sehemu ya omunazi, mpigaji anayeanza, ya pili inapiga ya omwawuzi, mpigaji anayemwingilia, na noti za huyu zinaingia katikati ya noti za yule. Nilimwita mzee jirani, mpigaji wa zamani, asikilize.

“Hiyo ya tatu inapanda kidogo, mwanangu.”

Nikaishusha milivolti sita. “Sasa je, mzee?”

“Sasa piga haraka.”

Kasoro zipo. Fundi aliweka resista ya kiloomu 1 mwisho wa njia ili kuilinda chipu waya zikigusana. Oskileta zangu, moduli zinazozalisha sauti, zina ukinzani wa kiloomu 100 mlangoni, kwa hiyo resista hiyo inakula karibu asilimia 1 ya volti. Ukiwa na oskileta moja, unasawazisha kwa multimita na mambo yamekwisha. Ukigawa kebo kwenda kwenye ya pili, volti 4 zinapungua milivolti 39 hivi, karibu nusu ya nusu toni, na njia hiyo inaachana na mwenzake. Nilimrudishia, akauhamisha waya wa mrejesho wa TL072 uanzie baada ya resista badala ya kabla yake, na tatizo likaisha. Ukiagiza chako, mwambie mapema.

La pili ni mvumo. Chaja ya laptopu ikiwa ukutani, unausikia ndani ya besi, ukiichomoa, kimya. Kitenganishi cha USB chenye chipu ya ADuM3160, kinachokata muunganiko wa umeme kati ya kompyuta na kisanduku, kiliumaliza, ila hiyo ni gharama nyingine.

Nani akinunue? Mwenye sinthesaiza ndogo anayetaka kutunga kwenye kompyuta na kusikia kwenye mashine. Anayetaka njia nane za volti zinazobadilika kwa kasi ya sauti yenyewe atafute kadi ya sauti inayopitisha volti iliyotulia, na ajiandae kulipa.

Mimi kinachonikera ni njia mbili tu: omukoonezi, mpigaji wa tatu anayeziokota noti mbili za chini kabisa na kuzirudia juu, hana pa kukaa. Nimeshamwachia fundi pesa ya awali ya kisanduku kingine, chenye MCP4822 mbili.