Walilipanda ua na kiriba chake: uzoefu wangu na "huduma ya kuhamishia"

Niseme mapema kwamba miche ya hawa wauza maua ni mizuri. Afadhali nilitangulize hilo kabla hasira hazijanipanda.

Nilichukua ua la ZZ (Zamioculcas) kwao, barabarani hapa Dar, nikalipia na chungu cheupe cha kauri, tena nikalipia kando ile wanayoiita huduma ya kuhamishia, yaani wao ndio wanalitoa kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha mche, na kulipanda chunguni. Baada ya miezi miwili mitatu hivi majani ya chini yakaanza kugeuka njano, kisha mashina mawili yakalegea pale yanapotokea udongoni. Nikawatumia picha. "Bosi, hilo lina kiu, liongeze maji." Nikaongeza. Nilipowafuata tena, kijana akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Maua ni kama vifaranga bosi, mengine yanakufa tu."

Vifaranga!

Nikaamua kulifukua. Kwanza ilibidi nibandue kwa bisibisi vile vikokoto vyeupe vya juu, maana wamevigandisha kwa gundi, hata ukitaka kuchomeka kidole ujue kama udongo umekauka huwezi. Chini yake nikakutana na plastiki nyeusi. Kiriba. Kiriba kizima, hakijachanwa hata upande mmoja, kimetumbukizwa ndani ya chungu na kufukiwa kwa udongo wa mfinyanzi. Viazi vya ZZ vilikuwa vimenenepa vikabanana humo mpaka vimejichora kwenye plastiki kama ngumi ndani ya soksi. Na chungu chenyewe hakina tundu hata moja. Maji yote niliyoambiwa niongeze yalikuwa yamelala pale chini, yananuka mtaro.

Wanaouza hili ua wanapaswa kulijua kuliko mtu yeyote, maana ni la kwetu: linaota porini kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, kushuka hadi Afrika Kusini. Vile viazi ndiyo matangi yake, linavuka navyo kiangazi. Kwenye maji yaliyotuama mizizi hukosa hewa ikafa, kisha kuvu humalizia viazi. Mizizi ikishakufa ua halinywi tena, kwa hiyo majani yanafanana na ya kiu, na hapo ndipo "ongeza maji" inapoua. Bonyeza shina chini kabisa: la kiu limesinyaa lakini gumu, lililooza linabonyea.

Kama lako limepandwa hivyo hivyo, chana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, usilivute kwa mashina. Osha udongo wote. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Kiazi kinachobonyea kama parachichi lililovunda kikate mpaka ufike kwenye nyama ngumu na safi, ukifuta kisu kwa spiriti kila mkato. Paka unga wa mkaa kwenye vidonda, liache kivulini siku 2 hadi 3. Langu lilikuwa na viazi 5, vimebaki 2.

Udongo: makopo 2 ya udongo wa juu uliochekechwa, 2 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, 1 la mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Kokoto chini ya chungu ni mazoea tu. Maji hayashuki upesi kutoka udongoni kuingia kwenye kokoto, hivyo unausogeza umajimaji karibu zaidi na mizizi. Chungu kizidi viazi kwa vidole 2 kila upande, si zaidi. Usimwagilie kwa siku 7. Baada ya hapo mwagilia mpaka yachuruzike chini, halafu usirudie hadi kijiti cha mshikaki ulichochomeka mpaka chini kitoke kikavu. Kwangu ni kama wiki 3, masika zaidi. Mbolea isubiri chipukizi.

Chungu chao nimekitoboa mwenyewe matundu 3 kwa biti ya vigae ya milimita 10, drili ikiwa haigongi, huku namwagia maji kidogo kidogo. Hakikupasuka. Ni chungu kizuri, siwezi kusema uongo.

Nilishaandika nyota 1. Lakini mche wa pili niliouchukua siku ile ile, ambao huduma yao haikuugusa, umeshatoa mashina 3 mapya, ndiyo maana nikapandisha hadi 3. Sasa nikikumbuka kwamba kazi niliyowalipa ilikuwa ya wembe mmoja na dakika moja, narudi 2, na moja kati ya hizo ni ya chungu.

Ukienda kwao, nunua mche. Ukishindwa kuhamisha mwenyewe, simama hapo hapo akichane kiriba unaona.