Kadi za kufundishia mimenyuko ya kemia, mi nimezikubali

Nimezitumia wiki tatu na wanafunzi wangu na kweli zinasaidia. Kila kadi ni atomu au ayoni (atomu yenye chaji ya umeme), mwanafunzi anaunganisha, anatenganisha, au anaitoa shaba kwenye kopa salfeti (chumvi ya shaba) anaweka chuma pale pale, hapo ndo wakaelewa elementi moja inavyoifukuza nyingine, na nilipotumbukiza msumari wa kweli kwenye maji ya kopa salfeti ukavaa rangi ya shaba darasa zima lilishangilia jamani! Shida iko kwenye mwako, wameuweka kama aina ya mmenyuko ya peke yake kabisa wakati magnesiamu ikiungua kwenye oksijeni huo ni mwako na ni muungano pia, ikabidi nieleze upya. Maandishi nayo madogo. Ila kwa kubalansi ikwesheni, yaani kusawazisha atomu za pande zote mbili, ubao haufui dafu.