Starrett na Trumpf: njia mbili za kiwanda cha ukoo

Starrett ilianza 1880 mjini Athol, Marekani, kwa skwea ya fundi yenye kichwa kinachoteleza. Trumpf ilianza 1923 huko Stuttgart, Ujerumani, kwa shafti zinazopindika.

Starrett ilibaki kwenye vifaa vya kupimia. Mikromita ya kawaida, kifaa cha kupimia unene mdogo sana: skrubu husogea milimita 0.5 kwa mzunguko, kipete (pete inayozungushwa) kina alama 50, kwa hiyo alama moja ni milimita 0.01. Ikitunzwa hudumu miaka na miaka, na hapo ndipo biashara inapobana, maana mnunuzi harudi upesi. Hisa za Starrett ziliuzwa sokoni. Kizazi cha nne cha ukoo kiliongoza hadi kampuni iliponunuliwa na wawekezaji mwaka 2024.

Trumpf ilibadili bidhaa: mashine za kukata bati, kisha leza yake yenyewe mwaka 1985. Mashine kama hizo hudai vipuri na matengenezo, hivyo mteja hurudi. Ajabu ni kwamba ukoo wenye mali si wa mwanzilishi. Berthold Leibinger aliingia kama mwanagenzi 1950, akageuza malipo ya hataza zake (haki za uvumbuzi) kuwa hisa za kampuni. Binti yake, Nicola Leibinger-Kammüller, alishika usukani 2005.

Kwa kulinda umiliki wa ukoo, njia ya Trumpf ina nguvu zaidi.