Usomee udula wapi: DONA au mpango wa jamii?

Dada unayeishi Marekani na unataka kuwa dula, yaani msaidizi asiye mkunga anayewasindikiza wajawazito hadi wajifungue, njia mbili za kujifunza hutajwa sana.

DONA International, shirika la madula lililoanzishwa 1992, hutoa warsha ya siku chache, kisha unahudhuria uzazi kadhaa ndipo upate cheti. Ni njia ya haraka, na cheti chake kinajulikana kwingi.

Mipango ya dula wa jamii, kama ya shirika la HealthConnect One la Chicago, huchukua muda mrefu zaidi. Wanaofunzwa ni wanawake wa mtaa uleule, na humtembelea mama nyumbani tangu ana mimba hadi ananyonyesha.

Mimi nachagua hii ya pili, hasa kwa mama Mkongo aliyefika juzi kama mkimbizi. Muuguzi anaeleza dawa ya kuongeza uchungu, mama anaitikia kwa kichwa tu. Dula aliyemzoea anaona hajaelewa, anaomba mkalimani kabla dripu haijafunguliwa. Macho hayo hayapatikani kwa warsha ya siku mbili, na nchini Marekani wanawake weusi hufa kwa sababu za uzazi karibu mara tatu ya weupe.

Ila ulizia mapema nani atakulipa. Katika majimbo ya Minnesota na Oregon, Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia huduma ya dula.