Fundi kasema kadi ya grafiki imekufa, kumbe ni kompaila tu (Mwanga, Kigoma)

Bado nina hasira kwa hiyo mtanisamehe nikiruka ruka. Ni kuhusu duka moja la kompyuta hapa Mwanga, jina silitaji maana sitafuti kesi na mtu.

Mimi nakokotoa joto la maji ya Ziwa Tanganyika, yaani unaligawa ziwa matabaka kuanzia juu hadi kule chini karibu mita 1,470, halafu unahesabu joto linavyohama kutoka tabaka hadi tabaka. Kwa prosesa peke yake mashine inakesha, ndiyo maana nikahamia CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuifanya kadi ya grafiki ipige hesabu, nina kadi ya GTX 1050 Ti ya mtumba na kazi inafanya. Feni ilianza kupiga kelele na diski nimebadilisha, nikawapelekea wanisafishie, wanipigie mfumo wa Ubuntu 24.04 pamoja na CUDA toolkit (zana za kutengenezea programu za CUDA), kwa sababu wao faili wanalo kwenye diski yao na mimi kuchoma bando kwa kitu kinachozidi GB 3 hapana. Tukaelewana bei, nikalipa yote mbele.

Siku ya kuchukua nikasema siondoki kabla sijajaribu. Nikachomeka fleshi, nikaita nvcc, kompaila ya CUDA inayogeuza msimbo kuwa programu, kwenye faili langu, ikagoma palepale: "unsupported GNU version! gcc versions later than 12 are not supported!" Sasa hapo hata hujahitaji utaalamu, kompaila yenyewe imekwambia shida ni nini. Toolkit waliyoweka ni 12.2, hiyo inaishia gcc 12 (gcc ni kompaila ya kawaida ya Linux), na Ubuntu 24.04 inakuja na gcc 13. Basi. Nikamwita fundi, nikamwamkia mwakeye, hakuitikia. Kainama kwenye skrini, hata mstari hajaumaliza, kanyanyuka: "Kadi imekufa hii."

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Aligeuka akaanza kumweleza mdogo wangu niliyekuja naye kunibebea mashine! "Bro mwambie dada, hizi kadi za kizamani CUDA haziwezi, atafute nyingine, ninayo RTX hapa namfanyia bei nzuri." Mdogo wangu anauza dagaa Kibirizi, hajui nvcc wala hajasema anajua, yuko pale ameshika waya wa umeme ananiangalia. Nikasema kaka mashine ni yangu, ongea na mimi. Akacheka, akafungua nvidia-smi, amri inayoonyesha hali ya kadi, akanionyesha kwa kidole, "Ona hapa CUDA 12.4, huku nvcc inasema 12.2, haviendani, kadi imeshachanganyikiwa."

Jamani! Ile namba ya nvidia-smi inaonyesha draiva (programu inayoiendesha kadi) inaweza kufika hadi CUDA ya ngapi, namba ya nvcc ni ya toolkit iliyopo kwenye mashine. Draiva kuwa juu ya toolkit ni kawaida kabisa, tatizo lingekuwa kinyume chake. Na kadi iliyokufa ingetokeaje kwenye hiyo nvidia-smi, na nyuzi zake za joto zinasomeka, na memori yake MB 4096 iko palepale?

Na hili naomba lieleweke maana naona watu wengi wanauziwa kadi kwa uongo huu: kukompaili hakugusi kadi. nvcc inachukua faili la .cu inaligawa, sehemu ya prosesa inampa g++ (gcc upande wa C++), sehemu ya kadi inaishusha hadi PTX, lugha ya kati ya kadi, halafu programu ya ptxas inaimalizia, na kazi yote hiyo inafanywa na prosesa. Nimeshakompaili kwenye laptop ya ofisini isiyo na kadi ya NVIDIA kabisa na faili likatoka safi, kadi inaitwa pale unapokwenda kuliendesha tu. Kusema kadi mbovu kwa sababu ya erori ya kompaila ni kumsingizia mgeni hapendi ubwabwa wakati mchele haujabandikwa.

Nikabeba mashine yangu nikaondoka. Nyumbani nafungua teminali, nabonyeza mshale wa juu kuona amri walizopiga, nakuta wameendesha lile faili la toolkit na --override mwishoni, yaani puuza ukaguzi. Nikafungua /var/log/cuda-installer.log, na kweli, mwanzoni ilikataa ikasema toleo la kompaila halikubaliki! Kwa hiyo alishaambiwa mapema, akalazimisha, halafu mimi mteja nikaambiwa kadi imekufa ninunue ya kwake. Hapo ndipo nilipotaka kumpa nyota sifuri.

Dawa yenyewe ilikuwa sudo apt install g++-12, halafu kukompaili kwa nvcc -ccbin g++-12, yaani nvcc itumie hiyo ya 12. Bando dogo tu. Kuna ile -allow-unsupported-compiler inayotajwa kwenye ujumbe wa erori, mimi siiamini kwa hesabu za kazi, inazima ukaguzi wa toleo tu, kutoelewana kwa kompaila kunabaki.

Baada ya hapo ikaja nyingine, nvcc inasema hakuna atomicAdd (amri ya kujumlisha bila hesabu za kadi kugongana) inayolingana na double, yaani namba za desimali zenye usahihi mkubwa. Hii siwezi kumbebesha fundi, ingemkuta yeyote. Kadi yangu uwezo wake wa CUDA (compute capability) ni 6.1 na atomicAdd ya double inaanzia 6.0, lakini nvcc za 12 usipoziambia kitu zinatengeneza kwa ajili ya 5.2, kwa hiyo lazima uandike -arch=sm_61. Nikaandika, ikapita, matabaka yangu yote yakakokotolewa na hiyohiyo kadi "iliyokufa".

Na huyo fundi alikuwa amenishauri eti nipakue CUDA mpya kuliko zote itakubali. CUDA 13 iliyotoka 2025 imeshaziondoa kadi za kizazi cha Pascal kama hii yangu! Ningechoma GB zangu nikaishia kuambiwa compute_61 haitambuliki, halafu ningerudi kwake naamini kweli kadi ndiyo mbovu.

Sasa niwe mkweli. Mashine imesafishwa vizuri, tena sana. Kuna kijana anakaa meza ya nyuma, mpole, ndiye alibadilisha pesti ya kupitishia joto na kuipaka mafuta feni, kelele hakuna na joto limeshuka hata nikikesha na hesabu. Kwa vumbi na feni Mwanga sijaona anayemzidi na nitarudi kwake. Kwa hiyo nilishaandika nyota tatu.

Ila nimepita pale juzijuzi na laptop yenye matokeo, nikamwonyesha fundi mkubwa, akasema "basi imepona yenyewe", akaendelea na simu yake. Nikamwomba anirudishie japo hela ya kuweka CUDA, akasema ile ilikuwa ya uchunguzi. Uchunguzi gani, wa sekunde mbili? Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa feni. Ukienda muulizie yeye, na hela mpe mkononi.